Helmeti yangu mpya: miezi minne kati ya Mlali na Nyandira

Mimi ni afisa ugani, Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Nakaa Mlali, bondeni, ila wakulima wangu wengi wako juu, Mgeta, kwenye kabichi, karoti na njegere, na njia ya kuwafikia ni pikipiki. Tangu 2022, Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, naupanda na kuushuka ule mlima karibu kila siku ya kazi. Pikipiki naitunza: oili kwa wakati, mnyororo unapata grisi, tairi silisubiri liishe kashata. Helmeti ndiyo niliyoidharau. Niliinunua shilingi 20,000 kwa mtu aliyezipanga kando ya barabara, nikachagua ya bluu kwa sababu nilipenda rangi, nikaivaa miaka miwili bila kuigeuza hata siku moja kuangalia ndani kuna nini.

Mwezi Machi, masika yameshaanza, nilikuwa nashuka na mvua ya manyunyu. Kwenye kona moja yenye udongo mwekundu tairi la nyuma likatangulia, pikipiki ikalala, nami nikalala nayo upande wa kushoto. Mwendo ulikuwa mdogo, labda kilomita 20 kwa saa. Kilichonitisha si kuanguka. Nilipoinua kichwa niliiona helmeti yangu ikibingirika peke yake, ikavuka barabara, ikaporomoka kwenye migomba. Kifungo cha plastiki cha mkanda kilikuwa kimeachia. Kichwa changu kilikuwa kimelala kwenye nyasi za mtaro, na jiwe la kingo lilikuwa pale pembeni, sikio langu karibu liliguse. Kijana aliyekuwa akipalilia njegere huko chini ndiye aliyenipandishia. Akanipa kwa mikono miwili, "Pole mama, kofia yako hii hapa." Bega lilivimba wiki mbili. Kichwani sikupata hata mchubuko.

Jumamosi yake niliipeleka ile helmeti kwa fundi seremala jirani yangu, nikamwambia anipasulie katikati kwa msumeno. Alinishangaa kidogo, "Dada afisa, si ungempa mtu?" Nikamwambia nataka kuona nilichokuwa nimevaa. Msumeno ulipita kama unakata ndoo, na kwa kweli ganda lenyewe lilikuwa na unene wa ndoo, ile ya kuchotea maji. Ndani ya ganda kulikuwa na kitambaa cheusi, na chini ya kitambaa sponji laini la njano, lile la kwenye viti, nene kama kidole gumba pembeni na jembamba zaidi utosini. Ukilibonyeza kwa kidole unaligusa ganda. Kwenye paji la uso walikuwa wamejaza kipande cha karatasi ya boksi kilichokunjwa mara mbili. Basi. Hakukuwa na kitu kingine. Nilivipiga picha vile vipande viwili na bado ninazo kwenye simu, huwa nawaonyesha vijana wa bodaboda pale kijiweni.

Helmeti ya kweli, kati ya ganda na sponji, inakuwa na tabaka la povu gumu. Wengi tunalijua bila kujua: ni la jamii ya lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni kuizuia isivunjike, ila la helmeti limeshindiliwa zaidi na mara nyingi limepakwa rangi nyeusi. Kazi ya ganda ni kuzuia kitu chenye ncha kisipite na kulisambaza pigo lisikae mahali pamoja. Kazi ya povu ni kubonyea. Kichwa kinapogota, povu linapondeka polepole na kukipa kichwa nafasi ya kusimama badala ya kukatizwa ghafla, maana ubongo huumia unaposukumwa ghafla ndani ya fuvu hata kama fuvu lenyewe halijapasuka. Na likishapondeka halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kupigwa chini na kichwa kikiwa ndani haivaliwi tena, hata kama kwa nje imechubuka rangi tu. Sponji peke yake ni la kustarehesha ngozi. Halizuii chochote.

Kwenye semina za usalama barabarani nilishasikia kwamba helmeti hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa kiasi cha asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hizo zinatokana na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008. Nilikuwa nazirudia hata mimi mbele ya wakulima. Nilipovishika vile vipande viwili vya plastiki mkononi, niliona aibu kwamba nimekuwa nikiyasema maneno hayo nikiwa nimevaa ndoo.

Nilianza kutafuta Morogoro mjini. Duka la kwanza lilikuwa na helmeti nyingi, zinang'aa, za kufunika uso mzima, shilingi 45,000. Nikaomba kujaribu. Muuzaji akasema za kujaribu hakuna, utaichafua na mafuta ya nywele, chagua kwa macho. Kisogoni zote zilikuwa na stika ya herufi tatu, DOT. Nilipokuwa bado nimesimama pale, kijana wake alikuwa kwenye kona anabandua stika hizohizo kutoka kwenye karatasi na kuzibandika moja moja. DOT ni alama ya Marekani, na hata huko kwao ni mtengenezaji mwenyewe anayejitangaza kwamba bidhaa yake imekidhi kanuni, kanuni nambari 218. Serikali yao hununua baadhi madukani na kuzipima baadaye. Tangu 2013 stika halali inatakiwa iwe na jina la mtengenezaji, nambari ya kanuni na neno la uthibitisho, si zile herufi tatu tu. Nikatoka.

Nikaamua kwenda Kariakoo. Nilipanda treni ya SGR asubuhi pale Kihonda, na kwa saa mbili hivi nilikuwa Dar es Salaam. Kutoka stesheni nilitembea kwa miguu hadi upande wa Gerezani kwenye maduka ya vipuri. Kwenye mkoba nilibeba utepe wa kupimia niliouazima kwa fundi cherehani. Huo utepe ulinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa na watu, kwa hiyo nauelezea.

Kichwa hupimwa kwa kuuzungusha utepe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara mbili, chukua kipimo kikubwa. Changu ni sentimita 57, na kwa watengenezaji wengi hiyo ni saizi M. Kumbe ile ya bluu, nilipotazama mabaki ya lebo yake, ilikuwa XL. Miaka miwili nilikuwa nalijaza pengo kwa kilemba.

Hapa nataka niseme na wanawake wenzangu tunaoendesha, kwa sababu wanaume wakieleza habari za helmeti nywele hawazikumbuki. Nikiwa nimesuka rasta na kuzifunga juu, kichwa changu kinafika sentimita 60 na zaidi. Ukinunua saizi ya rasta, siku ukifumua helmeti inacheza. Ukinunua saizi ya kichwa, ukisuka rasta haiingii, au inaingia ikikaa juu juu, imeacha paji la uso wazi. Na fundo la nywele kisogoni linaisukuma helmeti mbele hadi unaangalia barabara kwa chini ya ukingo. Niliamua mapema: nasuka twende kilioni, mistari ya chini inayolala kichwani, ncha naziachia shingoni, na helmeti nanunua kwa kipimo hicho. Rasta nimeziacha za likizo. Wanaovaa hijabu, shemeji yangu anayeendesha skuta kule Kihonda anavaa kwanza ushungi mwepesi wa pamba uliobana, bila pini na bila fundo, halafu helmeti, halafu mtandio mkubwa anauvaa akifika. Pini ndani ya helmeti ni hatari, ikigongwa inaingia kichwani.

Duka nililolipenda Kariakoo ni dogo, mlango mmoja, helmeti zimepangwa hadi darini. Jina la duka sitalitaja, wala jina la kampuni ya helmeti niliyonunua, kwa sababu jina hilohilo nililiona siku hiyo juu ya helmeti nyingine mbili ambazo ukizigeuza ndani ni sponji tupu. Ukienda na jina peke yake utauziwa jina. Ninachotaka ubebe ni namna ya kuangalia.

Kijana muuzaji alinikaribisha, "Karibu dada, unatafuta ya kuvaa au ya trafiki?" Nilimuuliza maana yake. Akasema wateja wengi wanataka ya trafiki, yaani ya kupita tu mbele ya askari bila kusimamishwa, na hizo anazo za elfu kumi na tano. Nikamwambia nataka ya kuvaa. Akavuta stuli, akaniambia nikae.

Aliniwekea tatu. Ya kwanza ilitoka India, shilingi 75,000, yenye alama ya ISI na nambari ya kiwango chao, IS 4151. India tangu 2021 helmeti ya pikipiki isiyo na alama hiyo hairuhusiwi kuuzwa kwao. Za huko zinazojulikana sana ni Studds na Steelbird. Nilibinua kitambaa nikaliona povu gumu, zima, halijakatwa vipande. Ilikuwa helmeti nzuri kwa pesa yake, na kama mfuko wangu ungeishia hapo ningeichukua kwa moyo mweupe. Ila ilikuwa ya uso wazi, haina kidevu, yaani ile sehemu ya ganda inayozunguka mbele ya taya. Mwenzangu mmoja wa idara ya mifugo alianguka na ya aina hiyo, kichwa kikapona, meno manne ya mbele yakabaki barabarani na taya likafungwa waya. Sikuweza kulisahau hilo nikiwa nimekaa pale.

Ya pili na ya tatu zilikuwa za kufunika uso mzima, zenye alama ya Ulaya. Hii alama ndiyo ya kujifunza kuisoma. Haibandikwi kisogoni. Ni kitambaa kidogo kilichoshonewa kwenye mkanda wa kidevu. Kuna duara lenye herufi E na nambari ya nchi iliyotoa idhini: 3 ni Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania. Kando ya duara kuna nambari ndefu. Ikianza na 05 ina maana ilipimwa kwa kanuni ya ECE 22.05, ikianza na 06 ni kanuni mpya zaidi, 22.06. Kisha kuna mkwaju na herufi: P maana yake kidevu chake kimepimwa na kinakinga, J ni ya uso wazi, NP maana yake kidevu kipo lakini hakikingi. Hiyo NP ikimbie, ni pambo. Kijana alinisomea mwenyewe bila kuulizwa, akavuta na uzi wa lebo kunionyesha imeshonwa ndani ya mkanda na si kugandishwa kwa gundi.

Nilikuwa najiuliza hupimwaje. Kwa 22.05 wanakiweka kichwa cha bandia chenye vipimo ndani ya helmeti, wanaidondosha juu ya chuma ifike kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 27 tu kwa saa, na vijana wa kijiweni nilipowaambia walinicheka, wakisema wao wanakwenda 80. Lakini kichwa hakiangukii lami kwa mwendo wa pikipiki. Pikipiki inakwenda mbele, kichwa kinakwenda chini, na mwendo wa kwenda chini unatokana na urefu wa kuanguka. Mita 7.5 kwa sekunde ni mwendo wa kitu kilichodondoka kutoka karibu mita tatu, kama mtu aliyeangukia kichwa kutoka kwenye paa la nyumba yangu ya bati. Mtu akiteleza na kusota barabarani, mara nyingi pigo la kichwa liko ndani ya kipimo hicho. Akivaa ukuta au ubavu wa lori kwa 80, hakuna helmeti iliyoahidi kitu. Kanuni mpya ya 22.06 imeongeza pigo la mwendo mkubwa zaidi, pigo la mwendo mdogo, na pigo la mshazari linalokizungusha kichwa, na hilo la mwisho ni jambo kubwa kwa sababu ubongo ukizungushwa unaumia vibaya.

Yenye 22.06 ilikuwa shilingi 340,000. Niliishika, nikairudisha. Yenye 22.05 alianzia 230,000.

Kabla ya bei nilimwomba niivae nikiwa nimekaa. Akasema, "Vaa dada, kaa nayo hata nusu saa, mimi naendelea na wateja." Nilikaa nayo dakika 20 kwa saa ya simu. Dakika 5 za kwanza kila helmeti ni nzuri. Tatizo linakuja baadaye. Ikikubana sehemu moja tu ya paji la uso, baada ya robo saa panaanza kuuma kama umefungwa kamba, na ukiivua unakuta mstari mwekundu. Hiyo umbo lake si la kichwa chako, hata kama saizi ni yenyewe. Mashavu ndiyo yanatakiwa kubanwa, hadi unapoongea unajisikia kama umejaza chakula mdomoni. Sponji la mashavu linalegea kwa matumizi, ikiwa sawasawa dukani basi baada ya miezi miwili imeshakuwa kubwa. Nilitikisa kichwa kushoto na kulia: ngozi ya uso ilikwenda pamoja na helmeti, haikubaki nyuma. Halafu kijana akasimama nyuma yangu, nikiwa nimefunga mkanda, akaishika kwa chini kisogoni akaisukuma juu na mbele kwa nguvu, kama anataka kunivua. Haikuvuka. Ile ya bluu ingetoka kwa kidole kimoja. Kama kuna kipimo kimoja cha kufanya dukani, fanya hicho.

Kifungo chake ni cha chuma, cha meno meno, unaingiza ulimi wa mkanda unasikia ta-ta-ta na unavuta kitambaa chekundu kufungua. Nilimwambia habari ya kifungo changu cha plastiki kilichoachia. Akaingia ndani akaleta debe lililojaa vifungo vilivyokatika, vya wateja waliorudi kutaka vingine. Anavibadilisha kwa elfu mbili. Akasema anayemjia mara ya pili kwa kifungo anamshauri anunue helmeti, na wengi wanakataa.

Rangi nilichagua nyeupe, safari hii kwa sababu. Kuna utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa 2004, uliokuta kwamba waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na hatari ya ajali ya kuumia pungufu kwa asilimia 24 wakilinganishwa na waliovaa nyeusi. Kwenye ukungu wa Mgeta saa kumi na mbili jioni, wakati fuso za kabichi zinashuka, nataka dereva anione. Kioo nacho nilikataa cheusi ingawa alinipa kwa bei ileile. Kioo cheusi ni cha mchana tu, jioni kinakupofusha.

Tulielewana 195,000. Ni pesa nyingi kwa mshahara wangu, niliziweka kando kidogo kidogo tangu siku ya kuanguka. Akanipa risiti ya EFD bila kusukumana, akaifunga kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaniambia nisiiweke kwenye rafu ya juu ya behewa ikaja kudondoka, niipakate. Niliipakata hadi Morogoro.

Sasa miezi minne imepita. Wiki ya kwanza shingo iliniuma. Niliipima kwenye mzani wa duka la nafaka ikaja kilo moja na robo tatu kasoro kidogo, na ya bluu haikuwa hata nusu ya hiyo. Wiki ya tatu nikasahau kama nina kitu kichwani. Kelele za upepo zimepungua mno, sikutegemea. Nilikuwa narudi nyumbani masikio yanavuma hadi wakati wa kulala, nikidhani ni uchovu wa kazi.

Kasoro zake zipo. Kubwa ni ukungu wa kioo. Asubuhi ukipanda, ukishavuka kwenye kibaridi kile cha juu, pumzi inagonga kioo na huoni kitu. Tundu la hewa la kidevuni linasaidia pikipiki ikiwa kwenye mwendo tu, na kule kwenye makorongo mwendo haupo. Ninachofanya ni kupaka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo upande wa ndani, naifuta kwa kitambaa kikavu hadi kioo kiwe safi, inanipeleka siku mbili. Kwenye mteremko mkali nakiinua kioo kidole kimoja. Tundu hilohilo la kidevuni limejaa tope mara mbili, nikalichokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Joto la Mlali saa saba mchana ni mateso, sponji linalowa jasho. Kwa bahati sponji la mashavu linatoka, nalifua kwa sabuni ya kipande kila Jumamosi na kulianika kivulini.

Na kuna jambo la adabu. Huwezi kumwamkia mzee wa Kiluguru ukiwa umejifunika uso kama mwizi. Ya uso wazi ilinirahisishia, nilikuwa nasema shikamoo huku injini inaunguruma, mzee anaitikia marahaba, napita. Sasa nasimama, nazima, nafungua mkanda, navua, ndipo namwamkia. Siku za mwanzo bibi mmoja wa Nyandira aliwafungia mbuzi wake wa maziwa ndani aliponiona naingia uani, hadi nilipovua akanitambua, "Kumbe ni bibi shamba, mwanangu umenitisha." Nilifikiria zile za kidevu kinachofunguka juu, ambazo lebo yake huandikwa P na J pamoja, lakini aliyonionyesha ilikuwa nzito zaidi na ghali zaidi. Nimezoea kuvua. Nimegundua hata mazungumzo yanakuwa marefu kuliko zamani, kwa kuwa mtu akishaniona nimeivua anajua nimekuja kukaa.

Siitundiki kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki tena. Chuma cha kioo kinalitoboa povu kwa ndani kidogo kidogo, na shimo hilo ndilo sehemu ambayo haitabonyea siku ya siku. Naiweka chini, mdomo ukiangalia ardhi, au naingia nayo ndani. Nawaomba sana wanaosafisha helmeti kwa petroli waache. Nimeona gereji tatu hapa kwetu wanafanya hivyo ili ing'ae. Petroli inalila lile povu, na plastiki ya ganda inakuwa kavu na kupasuka. Maji na sabuni vinatosha. Watengenezaji wengi wanashauri ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi hata kama haijaanguka. Tarehe ya kutengenezwa imeandikwa ndani, yangu niliikuta chini ya sponji la utosini, na kijana wa duka alinionyesha kabla sijalipa.

Kilichobaki ni abiria wangu. Mara mbili kwa wiki nampakia mkulima kiongozi, mama wa makamo, tunakwenda wote kwenye mashamba ya mfano, na yeye bado anavaa kikofia cha elfu kumi na tano nilichomnunulia mimi mwenyewe kabla sijajua. Anahitaji kinga kama mimi, na kichwa chake kikigonga ni kwa sababu ya uendeshaji wangu. Juzi nilimpima kwa utepe tukiwa kwenye kivuli cha mparachichi, nywele zake amekata fupi, kazi ikawa rahisi: sentimita 55. Nimempigia simu yule kijana wa Kariakoo. Anayo S moja nyeupe, ya kidevu, P kwenye mkanda, na amekubali kuniwekea hadi tarehe 28 mshahara ukitoka.